Unausikia Mnara, Mnara Haukusikii: Kesi ya Simu Zinazokatika

Kuanzia Januari 1, 2016, kampuni za simu nchini India zilitakiwa kumlipa mteja rupia 1 kwa kila simu yake itakayokatika, mwisho simu tatu kwa siku. Agizo lilitoka kwa TRAI, mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo. Kampuni zikaenda mahakamani, na Mei 11, 2016 Mahakama ya Juu ikalifuta, ikisema halina msingi wa haki wala uwazi. Moja ya mambo yaliyomwangusha mdhibiti lilitoka kwenye karatasi yake mwenyewe ya kitaalamu: kwa wastani, asilimia 36.9 ya simu zilizokatika zilitokana na upande wa mteja.

Ni takwimu inayoudhi. Mtu amelipia muda wa maongezi, mnara anauona kwa macho yake, mazungumzo yanakatika katikati ya sentensi, halafu anaambiwa kasoro iko kwake. Ndiyo maana mjadala huu una pande mbili zisizosikilizana. Wateja wanasema kampuni zinauza laini nyingi kuliko minara inavyoweza kubeba. Wahandisi wa mitandao wanasema sehemu kubwa ya tatizo iko kwenye kuta, mikono na simu zenyewe. Upande wa kwanza hauhitaji mtetezi. Kila mwenye simu ameshausema kwa sauti. Wa pili huonekana kisingizio cha kampuni, na hapo ndipo naona haujatendewa haki. Anayeuelewa anaweza kujisaidia leo, bila kusubiri mnara mwingine ujengwe.

Kuna jambo moja ambalo mistari ya mtandao kwenye kioo cha simu haikuambii. Kila mazungumzo ni safari mbili za mawimbi: kutoka mnarani kuja kwako, na kutoka kwako kurudi mnarani. Mnara hutuma kwa nguvu ya makumi ya wati. Simu ya 4G, hata ikijitahidi kiasi gani, kwa kawaida haipiti wati 0.2. Ni kama watu wawili wanaozungumza toka pande mbili za bonde, mmoja ana kipaza sauti na mwingine ananong'ona. Ile mistari hupima kipaza sauti tu. Haina habari kama mnong'ono wako umefika.

Waliobuni mitandao hii walilijua hilo tangu mwanzo. Kwenye GSM, yaani mitandao ya 2G, ya masafa ya 900, simu ilipewa megahezi 890 hadi 915 na mnara ukapewa 935 hadi 960, kwa sababu mawimbi ya masafa ya chini hayapotei njiani sana kama ya juu, basi mnyonge akapewa njia iliyo nyepesi. Minara nayo imewekewa vipokezi vyenye usikivu mkubwa sana. Hata hivyo, mtu akiwa ndani ya jengo, safari ya kurudi mnarani mara nyingi ndiyo inayokufa kwanza. Dalili yake inafahamika: wewe unamsikia mwenzako vizuri kabisa, yeye anarudia "haloo, haloo, sikupati", kisha simu inakatika huku mistari yako imejaa. Inawezekana pia kwamba yeye ndiye aliye mahali pabaya, maana simu mbili zina mawasiliano mawili tofauti na minara, na lolote likikatika mnayapoteza mazungumzo wote wawili. Hili husahaulika sana. Watu hulaumu laini yao kwa kosa lililotokea upande wa pili kabisa.

Mistari yenyewe haina kipimo kimoja kinachokubalika kote. Kila mtengenezaji huamua mistari minne ianzie wapi. Mwaka 2010, baada ya wanunuzi wa iPhone 4 kulalamika kwamba wakiishika simu kwa namna fulani mtandao unaporomoka, Apple ilikiri kwamba hesabu yake ya kuonyesha mistari ilikuwa na makosa, na mara nyingi ilionyesha miwili zaidi ya inavyostahili. Ikagawa makava bure, kwa kuwa antena ilikuwa kwenye ule ukingo wa chuma uliozunguka simu na vidole viliigusa moja kwa moja. Simu za leo zimetengenezwa kwa uangalifu zaidi, lakini mkono na kichwa cha binadamu havijabadilika: bado vinameza mawimbi.

Anayetaka ukweli aache mistari atafute namba ya nguvu ya mawimbi. Kwenye simu nyingi za Android iko ndani ya mipangilio, sehemu ya habari za simu, penye hali ya laini. Kwenye iPhone hufunguliwa kwa kupiga *3001#12345#*. Namba huandikwa kwa desibeli (dBm), ikiwa na alama ya kutoa. Kwa 4G, karibu na -80 ni nzuri sana, -100 inavumilika, -110 ni dhaifu, na kwenye -120 simu iko ukingoni. Kila tofauti ya 10 ni mara kumi ya nguvu. Kwa hiyo kutoka -80 sebuleni hadi -110 chumbani, umepoteza mara elfu moja, pengine kwa hatua chache tu.

Nguvu hizo zinapotelea wapi? Ukutani, na siku hizi dirishani. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lina kanuni ya kukadiria mawimbi yanavyopungua yanapoingia ndani ya majengo. Kwa masafa ya gigahezi 1, jengo la kawaida hupunguza wastani wa desibeli 13 hivi, yaani inabaki sehemu moja ya ishirini. Jengo la kisasa lililojengwa kuzuia joto, lenye vioo vilivyopakwa utando mwembamba wa metali na kuta zenye karatasi ya alumini, hupunguza takriban desibeli 28, na kinachobaki ni kama sehemu moja ya mia sita. Hapo kampuni haijagusa kitu. Mnara ni uleule, nguvu ni ileile, na umbali haujabadilika. Mtu amehama tu kutoka nyumba ya zamani kwenda nyumba nzuri zaidi, na simu zimeanza kukatika.

Kwangu mimi hapa ndipo ile asilimia 36.9 inapopata maana yake. Tatizo lake ni lugha ya kosa. Aliyeingia kwenye lifti akiongea hajakosea, wala aliyenunua nyumba yenye vioo vinavyozuia joto. Ila ni kweli kwamba kilichokata simu zao kiko kwao, na ni kweli pia kwamba wao wana uwezo wa kukibadilisha haraka kuliko kampuni.

Wanaweza kufanya nini? La kwanza ni la bure, na wengi hulidharau: mahali simu ilipo na mahali mtu alipo si lazima pawe pamoja. Weka simu dirishani, upande unaotazama mnara, uongee kwa spika au visikilizi. Simu imetoka nyuma ya kuta mbili, na mkono na kichwa vimeondoka njiani. Hakuna stika ya kubandika nyuma ya betri inayoweza kufanya hivyo, na pesa zinazotumika kununua stika hizo ni za kuhurumiwa. La pili, sogea kidogo. Ndani ya nyumba mawimbi hugonga na kurudi, yakakutana mahali pengine yakaongezana, pengine yakauana. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, la 1,800 nusu yake, kwa hiyo shimo la mawimbi unaloweza kuwa umesimama ndani yake ni dogo, na sentimita 20 zinaweza kukutoa. Kava la chuma livuliwe. Simu ishikwe katikati, kwa kuwa antena nyingi hukaa ncha za juu na chini.

La tatu ndilo tiba halisi kwa mwenye intaneti ya nyumbani: kupiga simu kupitia Wi-Fi, ikiwa kampuni yako na simu yako vinaruhusu. Ukuta unakuwa hauna neno tena. Kadhalika hakikisha kwamba kupiga simu kupitia 4G kumewashwa kwenye mipangilio. Simu isiyo na huduma hiyo hulazimika kushuka 3G au 2G kila inapopiga au kupigiwa, na mahali ambapo mitandao hiyo ya zamani imezimwa au imebaki michache, mashaka yanaanzia hapo. Kinyume chake pia hutokea: mahali ambapo 4G ni hafifu na 2G ya masafa ya 900 ina nguvu, kuichagulia simu mtandao wa chini kwa muda huokoa mazungumzo.

Kuhusu busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi ya simu ndani ya nyumba, naomba tahadhari. Kifaa kizuri, chenye kibali, kilichofungwa na fundi anayejua kutenganisha antena ya nje na ya ndani, hufanya kazi. Kile cha kununua popote na kujifungia mwenyewe huweza kujisikia chenyewe na kuanza kupiga kelele kwenye masafa ya mnara, na mnara ukijaa kelele, minong'ono ya majirani wote haisikiki tena. Nchi nyingi zimeweka masharti kwa sababu hiyo. Marekani ilipitisha kanuni zake mwaka 2013, na humo mtumiaji anatakiwa kujiandikisha kwa kampuni yake ya simu. Anayefunga busta mbovu anaweza kuwa ndiye sababu ya simu za jirani kukatika, na jirani asijue kamwe.

Sasa upande wa wateja, ambao nao una hoja isiyojibika kwa kuta. Wadhibiti wengi wameweka kiwango kwamba simu zinazokatika zisizidi asilimia 2. Inaonekana ndogo, lakini ikiwa ni wastani wa mtandao mzima, seli mia (seli ni eneo linalohudumiwa na antena moja ya mnara) zinazofanya kazi vizuri zinaweza kuificha moja ambayo watu wake hawamalizi mazungumzo. Kwa mwenye kuishi chini ya seli hiyo, wastani hauna faida yoyote. Kuna la kuchukiza zaidi. Mtandao hauhesabu simu kuwa imekatika mpaka kipima muda chake kiishe. Kwenye GSM kampuni inaweza kukirefusha hadi karibu nusu dakika. Muda wote huo wewe unasikia ukimya, unaita, unachoka, unakata mwenyewe. Kumbukumbu za mtandao zitaandika kwamba mteja alimaliza mazungumzo yake kwa hiari, na huenda umetozwa hata ukimya. Kampuni za India zilituhumiwa kutumia mbinu hii hasa.

TRAI ilijifunza. Mwaka 2017 iliacha wastani wa jumla ikaanza kudai kwamba sehemu kubwa ya seli, asilimia 90, ziwe chini ya kiwango cha simu zinazokatika katika siku nyingi za kipimo. Hayo ndiyo madai ya haki, na yana nguvu kuliko ile rupia moja, kwa sababu yanaifuata seli mbovu mahali ilipo. Mambo mengine ni ya kampuni peke yake: msongamano wa saa za jioni, umeme wa mnara, na orodha ya seli jirani iliyokosewa, ambayo humfanya mtu aliye safarini akatikiwe kila siku kwenye kona ileile kwa sababu mnara mmoja haujui kumkabidhi kwa mwingine. Ukikatikiwa mahali pamoja kila unapopita, hilo si lako kabisa.

Linabaki suala la minara, na hapa wateja wengi wanajiumiza wenyewe. Watu wanaodai mtandao bora ndio hao hao wanaopinga mnara mfupi karibu na makazi kwa kuogopa mionzi. Hofu hiyo ina chanzo: mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ushahidi uliojadiliwa zaidi, hata hivyo, ulihusu simu iliyobanwa sikioni. Na simu hurekebisha nguvu yake kulingana na mnara unavyoisikia. Ya 3G hufanya hivyo mara 1,500 kwa sekunde. Simu ya GSM inaweza kushuka kutoka wati 2 hadi miliwati chache mnara ukiwa karibu. Ukiwa mbali, inapaza kwa nguvu zake zote, sentimita mbili kutoka kichwani. Anayeogopa mionzi angepaswa kuutaka mnara usogee.

Kwa hiyo ukienda kulalamika, nenda na vitu ambavyo mhandisi hawezi kuvikwepa. Andika saa, mahali hasa, namba ya nguvu ya mawimbi ndani na nje ya nyumba, na kama mwenzako alikuwa hakusikii au wewe ndiye ulikuwa humsikii. Kama nje ni -85 na ndani ni -115, ukuta umekamatwa, na hapo omba huduma ya Wi-Fi. Kama nje pia ni -115, au namba ni nzuri kote na simu bado zinakatika, basi seli hiyo ni ya kampuni kuirekebisha, na malalamiko yako yakitua kwa mdhibiti yakiwa na namba hizo, hakuna atakayekuambia kwamba kosa ni lako.