Aseme au asiseme? VVU kwenye kiti cha daktari wa meno

Mtu anayeishi na VVU akienda kung'oa jino, analazimika kumwambia daktari? Madaktari wengi wangetaka aseme, na hofu yao siibezi. Wanafanya kazi katikati ya damu, mate na vyuma vikali, ndani ya nafasi finyu. Mgonjwa akishtuka kidogo tu, sindano ya ganzi inaweza kumchoma daktari.

Hata hivyo, hofu hupimwa. Sindano yenye damu ya mwenye VVU ikimchoma mhudumu, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 0.3%. Kwa homa ya ini B, asiyechanjwa anaweza kufikia 30%. Tena mgonjwa anayetumia dawa vizuri ana virusi vichache mno, ilhali asiyejua hali yake hana cha kusema hata akiulizwa mara kumi. Daktari anayesubiri kuambiwa ndipo ajikinge amechelewa. Kabla ya UKIMWI kujulikana mwaka 1981, wengi walitibu mikono mitupu. Ni gonjwa hili lililofanya glavu, barakoa na kutakasa vyombo kwa joto kuwa desturi kwa kila mgonjwa, na faida yake tunaipata sote.

Upo upande mwingine unaoniuma. Mwaka 1990 huko Florida iligundulika kwamba Kimberly Bergalis aliambukizwa na daktari wake wa meno; hatimaye wagonjwa sita walihusishwa na daktari huyo, na namna virusi vilivyopita haikujulikana kamwe. Kabla ya kufa mwaka 1991, Kimberly alidai wahudumu wapimwe kwa lazima. Namwelewa. Lakini Uingereza tangu 2014 inawaruhusu madaktari wa meno wenye VVU kutibu, mradi virusi vimedhibitiwa na wanafuatiliwa, na naona huo ndio uamuzi wa haki.

Kwa nini basi mgonjwa aseme? Kwa ajili ya kinywa chake mwenyewe: utando mweupe, fizi zinazooza haraka, kinywa kikavu, dawa zinazogongana. Tatizo ni malipo ya ukweli huo. Sidney Abbott wa Maine alisema, na mwaka 1994 daktari akakataa kumziba jino kliniki, akamtaka aende hospitali na gharama yake alipe mwenyewe. Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka mwaka 1998 kwamba sheria ya walemavu inamlinda hata kabla ya dalili kuonekana.

Swali la VVU lisiulizwe mapokezi. Aliulize daktari mwenyewe, mlango umefungwa, akishamhakikishia mgonjwa kwamba jibu lolote halitabadilisha glavu atakazovaa wala zamu yake kwenye foleni.