Arizona mwezi wa Agosti: leseni ni nafuu, nyama ndiyo kazi

Mtu aliyekulia Dodoma, Voi au Bujumbura akihamia Phoenix au Tucson huchukua muda kusadiki kwamba mlima anaouona kutoka dirishani ni wake pia, na kwamba kulungu wa mlimani anaweza kumwinda kihalali kwa pesa isiyofika mshahara wa siku moja ghalani. Mkazi wa Arizona, yaani aliyeishi jimboni miezi 6 mfululizo, hulipa dola 37 za leseni na dola 45 za tegi, kile kikaratasi kinachofungwa kwenye mnyama mara tu anapoanguka. Jumla dola 82. Hakuna kitalu, hakuna kampuni, hakuna wa kumpigia simu akuombee kibali.

Kwetu mambo si hivyo. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977 na haijaufungua tena. Tanzania uwindaji upo, lakini uso wake ni kitalu kilichokodishwa na mtalii aliyelipa maelfu ya dola, huku mwanakijiji jirani akijulikana kwa jina moja tu: jangili. Tangu 2020 kanuni zinaruhusu mabucha ya nyamapori, na hilo ni jema. Lakini kununua kilo mbili buchani si sawa na kuwa na haki ya kwenda porini mwenyewe. Huku ni kinyume: porini unaruhusiwa, ila kuuza hata kilo moja ya nyama uliyowinda ni kosa.

Naandika kwa sababu Waswahili wengi huku wanaujua upande wa haki na hawaujui upande wa kazi. Msimu wa kuwinda kwa upinde wa mwezi wa Agosti ndio rahisi kuupatia tegi, kwani hununuliwa moja kwa moja bila bahati nasibu. Ndio pia wakati jangwa linapochemka hadi nyuzi 40 na zaidi. Tegi ni nafuu. Joto halina nafuu.

Kwanza ardhi. Misitu ya taifa kama Tonto na Coronado iko wazi kwa mwindaji, na ardhi ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya serikali kuu kadhalika. Ardhi ya amana ya jimbo ni wazi kwa mwenye leseni akiwa anawinda. Hifadhi ya Taifa ya Saguaro haiwindwi, na ardhi za makabila ya wenyeji, kama Tohono O'odham na San Carlos Apache, zina mamlaka na vibali vyao. Mipaka hii haina uzio wala kibao kila mahali, basi pakua ramani ya mipaka kwenye simu kabla hujatoka mjini, maana mtandao hukatika mapema. Kila eneo lina idadi yake ya kulungu wanaoruhusiwa, ikitimia linafungwa. Tazama hali ya eneo lako asubuhi ileile unayoondoka, na ukipata mnyama toa taarifa ndani ya saa 48.

Kulungu wenyewe ni wa aina mbili: mule deer, mwenye masikio marefu kama ya punda, na Coues, mdogo mwenye mkia mweupe anayependa milima. Agosti pembe za madume bado zimevaa ngozi laini. Wanakula alfajiri, na ifikapo saa mbili au saa tatu asubuhi wamelala kivulini, hasa upande wa kaskazini wa mteremko. Usitembee kuwatafuta. Kaa juu, jua likiwa mgongoni kwako, darubini ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu, upekue kivuli kimoja baada ya kingine. Darubini ya kushika mkononi hutikisika na hutaona sikio linalopunga nzi mita 800 mbele. Saa nne hadi saa tano kivuli husogea, kulungu huinuka na kulala upya hatua chache pembeni. Dakika hizo mbili ndizo zinazomfichua.

Wengi hukimbilia kukaa penye maji. Kipindi cha ukavu hilo linafaa. Lakini msimu wa mvua za jangwani unahesabiwa kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30, na mvua moja nzuri ikijaza vidimbwi vya mawe, kulungu hawana haja tena ya bwawa lako. Kamera za kutega njiani kwa ajili ya kuwinda zimepigwa marufuku Arizona tangu Januari 2022. Sheria pia inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili, kama mita 400, ya maji ambayo wanyama hawana mengine ya karibu. Mvua hizohizo hujaza makorongo kwa ghafla hata kama imenyesha mbali na ulipo, kwa hiyo hema na gari visiwe ndani ya korongo kavu, hata kama mchanga wake umekaa kama zulia.

Kuhusu upinde, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na Wakamba walitegemea sumu kwenye chembe cha mshale. Huku sumu ni marufuku, kwa hiyo kazi yote ni ya makali. Upinde usipungue nguvu ya paundi 30, na chembe kiwe na makali ya chuma yenye upana usiopungua inchi 7/8. Kwa Waislamu, Bismillahi husemwa mshale unapoachiwa, si mnyama akishaanguka.

Mshale ukipita mapafuni, subiri nusu saa ndipo ufuate damu. Ukipita tumboni, kanuni ni kumwacha mnyama saa 6 hadi 8 alale afe, maana ukimfukuza atakwenda mbali na damu itapotea. Nyakati za baridi hilo linawezekana. Agosti, baada ya saa 6 nyama ya paja imeshaharibika. Hakuna njia ya kutengeneza kosa hilo, basi kama kulungu hajasimama ubavu, au yuko mbali kuliko unavyolenga vizuri ukiwa umechoka, usiachie.

Maji: panga lita 8 kwa mtu kwa siku, na dumu la lita 20 libaki garini, halihesabiwi. Ukitembea, lita moja kwa saa inatosha. Zaidi ya lita moja na nusu kwa saa bila chumvi ni hatari nyingine, kwa sababu damu huzimuliwa na mtu huanza kutapika na kuchanganyikiwa huku chupa imejaa. Tunayo dawa tuliyofundishwa zahanati tangu utotoni: nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari kwa lita moja ya maji safi. Mwenzio akianza kuongea ovyo au kupepesuka, hata kama bado anatoka jasho, uwindaji umekwisha. Mlaze kivulini, mwagie maji mwili mzima, mpepee, ita msaada. Chukua pia chanuo la meno mapana: kipande cha mpungate wa aina ya cholla kikikung'ang'ania hutolewa kwa chanuo, kamwe si kwa vidole.

Sasa nyama, na hapa ndipo watu huaibika. Paja la kulungu ni pande kubwa la misuli lililozunguka mfupa, na mfupa hushika joto. Nyama huoza kutoka ndani, kuanzia kwenye kifundo cha nyonga, wakati nje bado ni nyekundu na nzuri. Usipasue tumbo. Mlaze ubavu, chana ngozi kando ya uti wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, ivute chini. Mkono wa mbele hauna kifundo kinachoushika mwilini, kisu kinapita tu. Toa sarara, toa paja kwenye kifundo cha nyonga, toa shingo, mgeuze, rudia. Zile sarara ndogo za ndani zinafikiwa nyuma ya ubavu wa mwisho. Kisha pasua paja palepale na utoe mfupa. Ngozi iwe imetoka ndani ya saa moja, nyama iwe kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, imetundikwa kivulini penye upepo. Mfuko wa plastiki huifukiza. Kichwa chenye pembe kisafiri na nyama, ndicho ushahidi wa uhalali.

Garini yawepo madeli mawili ya lita 60, yaliyopozwa tangu usiku uliopita, kila moja na madumu matatu ya lita 4 yaliyogandishwa. Dumu lililoganda hudumu kuliko barafu ya vipande, na maji yake hayalowanishi nyama. Funika madeli kwa blanketi, fungua madirisha kidogo. Mule deer dume hutoa takriban kilo 30 za nyama isiyo na mifupa, ambayo kwa mtu mmoja ni safari mbili. Kwa hiyo hesabu hufanywa kabla ya kuvuta upinde: kutoka hapa hadi kwenye barafu ni saa ngapi? Kama ni kilomita 5 za mawe, saa sita mchana, na uko peke yako, jibu ni kumwacha aende.

Mpangilio wa huku si wa kunakili wote. Lakini sheria ya Pittman–Robertson ya mwaka 1937 inakata kodi ya asilimia 11 kwenye pinde, bunduki ndefu na risasi, na pesa hiyo hurudi majimboni kulinda wanyama. Mwindaji wa kawaida ni mlipaji, kwa hiyo anahesabiwa. Tanzania jumuiya za hifadhi za wanyamapori huvipa vijiji mgao wa mapato ya uwindaji, lakini mgao ni fedha, si leseni mkononi mwa mwanakijiji. Ningependa kumwona mkulima wa Rufiji akilipa ada ya kiasi chake, akifundishwa idadi na msimu, akarudi na mnyama mmoja mchana kweupe.

Nyama ikifika nyumbani, ikate nyembamba kama ya kukausha. Usiianike uani kwa mazoea ya Juni, Agosti hewa ina unyevu na nzi ni wengi. Ipashe moto kwanza hadi nyuzi 71 ndani ya nyama, kisha ikaushe kwa oveni yenye moto mdogo, mlango wazi kidole kimoja, ikiwa na chumvi, ndimu na pilipili mbuzi.