Zile tortila zilizopinda za El Zarape

Ushawahi kusimama kwenye mashine ya kusaga ya mtaani siku ambayo mama wa mbele yako kaleta gunia zima na wewe una kilo zako tatu tu kwenye rambo? Kelele mpaka mnaongea kwa mikono, mwenye mashine kope nyeupe utadhani kazeeka jana usiku. Basi siku ya kwanza nilipoingia kwenye kiwanda kidogo cha tortila huku Los Angeles nilijikuta nimerudi palepale, foleni ileile, umbea uleule, sema unga hauruki maana mahindi yao yanasagwa yakiwa yameloa.

Hapo ndo wengi tunapokosea. Tunasema tortila ni chapati ya mahindi, sawa, ila chukua sembe yako ukande uone, inakatika mkononi. Wao mahindi wanayachemsha kwanza na chokaa (ya kula jamani, sio ya kupakia ukuta), yanalala usiku kucha, asubuhi yanaoshwa maganda yanateleza yenyewe, ndo yanasagwa yanakuwa donge linaloshikana. Mahindi hayo ya chokaa kabla hayajasagwa wanayaita nixtamal, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Meksiko, kitu cha maelfu ya miaka. Zamani mwanamke anapiga magoti mbele ya jiwe tangu alfajiri, kwa hiyo kiwanda kilipokuja mitaa ya Wameksiko Marekani kiliondoa mzigo mgongoni mwa mtu, hilo lazima tuliseme kabla hatujaanza kulilia mikono ya bibi.

Sasa kiwanda ninachotaka kukiongelea kiliitwa El Zarape, kilikuwa hukuhuku Los Angeles, cha Rebecca Webb Carranza na mumewe. Huyu mama alizaliwa Durango, Meksiko, mwaka 1907. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakaleta mashine ya kutengeneza tortila, ni kati ya viwanda vya mwanzo mjini kufanya hivyo. Mashine za aina hii ukiziangalia zinafanya kazi ni raha, donge linaingia juu, roli zinalibana, miduara inadondoka kwenye mkanda na kupita kwenye moto. Tatizo mashine haibembelezi, nyingine zinatoka zimekunjika, nyingine nusu mwezi, na mteja wa kununua nusu mwezi hayupo, zinatupwa. Mama Carranza akabeba baadhi ya zile mbovu, akazikata pembetatu, akazikaanga kwa ajili ya sherehe ya familia. Watu wakazigombania. Akaanza kuziuza mfuko senti 10, na kufikia miaka ya 1960 ndo zilikuwa zinaendesha biashara, zinaitwa Tort Chips, tortila zenyewe zimebaki nyuma.

Huwa wanaitwa watu kama hawa wagunduzi na mimi hapo nakataa kidogo. Meksiko walikuwa wanakaanga tortila zilizokauka toka zamani sana, wanaziita totopo, hakuna jikoni ya maskini duniani isiyojua kiporo kikikaangwa kinafufuka. Alichofanya yeye ni kukataa kutupa, halafu akawa na mashine nyuma yake ya kumletea vilivyopinda kila siku. Kwangu mimi hiyo ni akili kubwa zaidi ya ugunduzi, sijui nyie.

Na kinachonikera ni hiki. Leo chips za tortila ni biashara ya mabilioni, Texas mwaka 2003 wakazipitisha na salsa yake (ile sosi ya nyanya na pilipili ya kuchovya) kuwa kitafunwa rasmi cha jimbo, kisheria kabisa. Mama Carranza je? Mwaka 1994 wenye tasnia ya tortila walimpa tuzo, yeye na waanzilishi wenzake, lakini miaka yake ya utu uzima aliimalizia kazini, mara anafunga nyama supamaketi, mara karani wa sensa, mpaka kapita miaka 80. Alifariki mwaka 2006 ana miaka 98. Ukiisoma historia ya kiwanda kwenye pakiti hutaikuta sehemu ya kufunga nyama.

Halafu kuna hili la chokaa, naligusa haraka maana linatuhusu. Mahindi yalivyosafiri kutoka kwao hadi pwani yetu enzi za Wareno, ile chokaa haikusafiri nayo. Bila hiyo mwili haupati vizuri vitamini B3 iliyomo, na mtu akila mahindi tupu muda mrefu anapata pelagra, ugonjwa wa kukosa hiyo vitamini, ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, na unaua. Malawi mwaka 1990 iliwapata wakimbizi wa Msumbiji kwa maelfu, karanga zilikatika kwenye mgao wakabaki na unga tu. Kumbe lile zoezi la usiku kucha lililoonekana la kulainisha tu lilikuwa linabeba uhai. Tulichukua punje tukaacha maarifa ya wale kina mama, ni kutupa kulekule, ila hapa hakuna aliyeyaokota.

Pale ninaponunua mimi kuna beseni jekundu pembeni ya mzani, mama wa kaunta anaweka humo zilizopinda. Mwanzoni nilidhani za kuku. Siku moja nikamuuliza bei, akacheka, akanipimia nusu kilo akanilipisha robo. Siku hizi nisipofika kabla ya saa tatu asubuhi nakuta beseni tupu.