Kuungama Kwanza, Kuamini Baadaye?

Mwishoni mwa Oktoba 1886, Mfaransa mmoja wa miaka 28 aliingia kanisa la Saint-Augustin jijini Paris akamwendea Padre Henri Huvelin kwenye kiti cha maungamo. Hakwenda kuungama. Alitaka afundishwe dini, maana imani aliyobatizwa nayo utotoni ilikuwa imemtoka tangu akiwa shuleni. Padre akamwambia apige magoti aungame. Akapiga, akaungama, na padre akamtuma akakomunike papo hapo. Mtu huyo ni Charles de Foucauld, ambaye Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Wahubiri wanaipenda habari hii, na si ajabu. Ni fupi, ina mwisho mzuri, na inatoa jibu la haraka kwa kila aliyeacha Kanisa, akawa mkanamungu, na sasa anazungukazunguka mlangoni na maswali yake: weka maswali pembeni, nenda kitubio, mengine yatajipa yenyewe. Wapo pia wanaoisikia habari hiyohiyo wakatikisa kichwa. Kwao huo ndio mchezo wa dini siku zote: mtu kaja kuomba hoja, kapewa ibada. Naona pande zote mbili zinaisimulia nusu.

Tuanze na yaliyotangulia. Mwaka 1901 Foucauld alimwandikia rafiki yake Henry de Castries kwamba aliishi miaka kumi na miwili bila kukana chochote wala kuamini chochote, kwa sababu hakuna uthibitisho uliomtosha. Katika miaka hiyo, kati ya 1883 na 1884, alipita Moroko akijifanya Myahudi, kwa kuwa Mkristo asingeruhusiwa kufika alikotaka. Huko aliwaona Waislamu wakisali, watu walioishi kana kwamba Mungu yupo nao saa zote, na jambo hilo likamtikisa vibaya. Aliporudi Paris akamkuta binamu yake, Marie de Bondy, mwanamke mwenye akili na mwenye imani. Akajiuliza: dini inayomtosha mtu wa namna hii, je, inaweza kuwa upuuzi kama nilivyodhani? Akaanza kuingia makanisani na kurudia sala moja: Mungu wangu, kama upo, nifanye nikujue. Kwa hiyo Padre Huvelin hakumwokota mtu njiani na kumlazimisha apige magoti. Alimsukuma mtu aliyekuwa ameshafika kizingitini.

Yaliyofuata ndiyo yanayorukwa zaidi kwenye mahubiri. Katika barua hizohizo za 1901 Foucauld anakiri kwamba hakuamini yote kwa siku moja. Mara miujiza ya Injili ilimwia vigumu kuisadiki, mara alitamani kuchanganya maneno ya Kurani katika sala zake. Haya ni baada ya kuungama na kukomunika! Kitubio hakikumwondolea mashaka. Kilimpa pa kuyapeleka, na mtu wa kuyasikiliza, maana Huvelin aliendelea kumwongoza hadi padre huyo alipofariki mwaka 1910. Ukiikata habari pale kwenye magoti, unambakiza msikilizaji na muujiza ambao Foucauld mwenyewe hakuudai.

Sasa upande wa wanaopinga, na tuuchukue ukiwa na nguvu zake zote. Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza William Clifford aliandika kwamba ni kosa, popote na kwa yeyote, kuamini jambo bila ushahidi wa kutosha. Kwa kipimo hicho, anayesimama Jumapili na kutamka Nasadiki huku nusu ya moyo wake inasema sijui, anadanganya, na kudanganya kanisani hakugeuki kuwa ibada. Tena kuna hoja kali zaidi. Mazoea hujenga chochote unachokizoea. Foucauld alikiri kwamba Uislamu ulimvutia sana. Je, kama angeinama msikitini mara tano kwa siku, mwaka mzima, asingeamka siku moja akiwa Mwislamu mwenye uhakika? Wakatoliki wanaojibu hoja hii kwa kusema "wewe jaribu tu uone" hawajaijibu. Kusali kila siku kunathibitisha kwamba sala humbadilisha anayesali. Hakuthibitishi kwamba kuna anayesikia.

Hata hivyo kanuni ya Clifford ina upungufu ambao mwanafalsafa Mmarekani William James aliuonyesha mwaka 1896: yapo mambo ambayo kuyasubiri ni kuyaamua. Anayesema atarudi siku maswali yatakapokwisha anaishi leo kama mtu aliyekwisha kusema hapana. Hasali, haungami, Pasaka inapita kama Jumapili nyingine. Na kutosali nako ni mazoea. Miaka ikienda, mtu huacha kuona kwamba kuna kitu anakikosa, kisha huchukua utulivu huo kuwa ni hitimisho la akili. Hakuna anayepima suala hili akiwa nje ya mazoea yote, akiwemo mkanamungu. Kwa sababu hiyo mimi naegemea upande wa kurudi kabla ya kumaliza maswali. Lakini naegemea tu, kwa kuwa sharti moja mara nyingi halitimizwi.

Sharti ni kwamba mashaka yaruhusiwe kusemwa. Kwenye vitabu, Kanisa linaruhusu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2088, inatofautisha mashaka ya hiari, yaani kukataa kushika kilichofunuliwa, na mashaka yasiyo ya hiari: kusitasita, kushindwa kuyajibu mapingamizi, wasiwasi unaotokana na giza la imani yenyewe. Mwanateolojia Mwingereza John Henry Newman aliandika mwaka 1864 kwamba matatizo elfu kumi hayafanyi shaka moja. Ni sawa, ila mpaka huo ni mwembamba. Sheria ya Kanisa, kanuni 751, inahesabu shaka la ukaidi juu ya ukweli wa imani kuwa uzushi. Aliyerudi jana atajuaje kama anasita au anakaidi? Hawezi kujipima peke yake.

Basi twende kwenye jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, mahali ambapo Kanisa la Afrika Mashariki limejijenga tangu miaka ya 1970. Injili inasomwa, kimya kidogo, kisha kila mmoja anataja neno lililomgusa. Mama mmoja anasema "msiogope", mzee anasema "nifuateni", katibu anakumbusha mchango wa mavuno. Nani atasema pale, "Mimi sijui kama haya yalitokea"? Atakayethubutu ataombewa kabla hajamaliza sentensi. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 755,000 waliojitambulisha kuwa hawana dini au ni wakanamungu. Wanaokaa benchi la nyuma na kunyamaza hawamo kwenye hesabu hiyo.

Wengine hurudi kwa sababu nyingine kabisa. Mtoto anatakiwa abatizwe, ukoo unadai ndoa ifungwe kanisani, au mtu amesikia msibani lile swali linalotisha: marehemu alikuwa anasali jumuiya gani? Huyo mashaka yake hayajaguswa. Ameyafunga kwenye begi akaingia nayo. Tukimhesabu kama tunda la njia ya Huvelin tunajidanganya.

Halafu kuna faraja ya haraka ya kumtajia mwenye mashaka habari za Mama Teresa wa Kolkata, ambaye barua zake zilizochapishwa 2007 zilionyesha giza la miaka mingi, au Teresa wa Mtoto Yesu, aliyejaribiwa katika imani tangu Pasaka ya 1896 hadi kifo chake Septemba 1897. Habari zao ni za kweli na zinatia moyo. Lakini hao walipata giza wakiwa ndani, hawakuwahi kutoka. Aliyetoka amewahi kuishi bila Mungu na akaona maisha yanaendelea, kodi inalipwa, kicheko kipo. Kumbukumbu hiyo haifanani na giza la mtawa.

Pia si kila aliyeondoka aliondolewa na dhambi yake. Wapo walioondoka baada ya kuzika mtoto, na wapo walioondoka kwa yale mapadre waliyowatenda watoto na maaskofu wakafunika. Kumwambia huyu wa mwisho apige magoti kwanza ni kumbebesha kosa la wengine. Hapo mwenye kuungama ni Kanisa, na swali la aliyeumizwa lijibiwe kabla hajatajiwa malipizi.

Kwa anayerudi leo ushauri wangu ni mfupi: mashaka uyataje kwenye maungamo yaleyale ya kwanza, usiyahifadhi hadi uonekane umekomaa. Padre akikuambia kwamba mashaka yote ni dhambi, mwonyeshe namba 2088. Akikasirika, parokia ya jirani nayo ina padre.