Miaka 20 Ilitosha

Kila bei ya dawa ikilalamikiwa, kuna anayejibu kwamba hataza (patent), yaani haki ya kampuni kumiliki uvumbuzi wake peke yake, ni miaka 20 tu, tusubiri iishe, bei itashuka yenyewe. Jibu hilo linaniudhi, kwa sababu haishuki yenyewe. Itazameni bedakwilini, dawa ya TB sugu.

Hataza ya molekuli yenyewe iliombwa 2003, ikaisha Julai 2023. Lakini Johnson & Johnson, kampuni yenye dawa hiyo, walikuwa na nyingine juu yake, ya chumvi ya fumarati, ambayo katika nchi nyingi ingeendelea hadi 2027. Chumvi hiyo ni umbo tu linalopewa molekuli ili itengenezeke vizuri kama kidonge. Kinachoua bakteria ni molekuli ile ile. Kuitafutia dawa chumvi inayofaa ni kazi ya kawaida ya maabara za viwanda vya dawa, na kuidai miaka minne zaidi kwa kazi hiyo ni kumtoza mgonjwa mara mbili.

Pigeni hesabu. Vidonge 4 vya miligramu 100 kila siku kwa wiki 2, kisha 2 mara tatu kwa wiki kwa wiki 22: jumla 188. Mwaka 2020 Global Drug Facility, chombo cha kimataifa kinachozinunulia nchi dawa za TB, kilinunua dozi hiyo kwa dola 340. Agosti 2023, kampuni ya dawa ya Lupin ya India ilipoingia sokoni, J&J wenyewe walishuka hadi dola 130. Kidonge kimoja kikatoka karibu dola 1.80 hadi senti 70.

Nakubali, hataza ya kwanza ilistahili. Takriban miaka 9 iliishia kwenye utafiti kabla ya Marekani kuiidhinisha Desemba 2012, na dawa hii imewaepusha wagonjwa na sindano zinazoua masikio. Ila majaribio mengi yaligharimiwa pia na fedha za umma.

India iliikataa hataza ya chumvi ile Machi 2023. Pingamizi liliwekwa na Nandita Venkatesan na Phumeza Tisile, waliopona TB lakini wakapoteza usikivu kwa dawa za zamani. Sheria ya huko, kifungu cha 3(d), hudai umbo jipya lithibitishe kwamba linatibu vizuri zaidi.

Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutotoa hataza za dawa hadi 2033, Kenya haimo. Ruhusa hiyo peke yake haimfikishii dawa mgonjwa wa Kibong'oto, hospitali ya TB huko Kilimanjaro, maana kiwanda cha India hakiwashi mitambo kwa soko dogo. Kinahitaji nchi nyingi zifunguke kwa pamoja.

Kwa hiyo ofisi zetu za hataza, na ARIPO, shirika la Afrika la hakimiliki za ubunifu kule Harare, zidai ushahidi wa tiba kwa kila ombi la chumvi au fuwele, na zipokee pingamizi kabla ya kutoa hataza. Tena zilazimishe ombi litaje jina la kawaida la dawa. Ombi la fumarati lilipewa kichwa cha jina refu la kikemia lisilo na neno bedakwilini popote, na anayetaka kupinga hawezi kupinga asichokiona.