Huo mstari wa paji sio ufa, jamani

Binamu yangu kadondoka na bodaboda, goti limechunika na paji la uso lina mchubuko, basi. Kapigwa eksirei ya kichwa, karatasi ikarudi imeandikwa fuvu limepasuka katikati, kuanzia juu ya pua mpaka utosini. Familia zetu mnazijua. Shangazi analia, mjomba anapitisha mchango, kwenye grupu la ukoo mtu kashatuma dua ya mahututi, na mahututi mwenyewe kakaa anakula chipsi mayai. CT scan ikasema ni mshono. Mshono wa fuvu tu, yaani pale mifupa ya kichwa inapokutana, kazaliwa nao!

Sasa hapa ndo napandwa na hasira. Kila mtoto anazaliwa mfupa wa paji ukiwa vipande viwili, kwa wengi ule mshono unaziba wenyewe mwaka wa kwanza au wa pili, kwa wengine hauzibi mpaka wanazikwa nao. Hawaumwi kitu, na hawana akili kuzidi wengine (ndio, ile klipu inayodai hivyo nimeiona, acheni). Tafiti nyingi zinataja asilimia 1 hadi 10 ya watu wazima, inategemea jamii. Chukua hiyo 1 ya chini kabisa, msikiti wenye watu 500 siku ya Ijumaa watano wanao na hawajui.

Na ukiutazama kwa utulivu haufanani na ufa. Ufa mpya una kingo kali na unapita popote unapotaka, mshono uko katikati kabisa, kingo zake kwenye picha ni nyeupenyeupe, unapindapinda kama meno ya zipu.

Haya, daktari wa zamu yuko peke yake saa nane usiku, bora aogope kuliko apuuze, na mshono nao unaweza kuachia kwenye ajali. Sawa. Lakini kuandika "limepasuka" bila hata alama ya kuuliza?

Mimi naulaumu ule mchoro wa vitabuni, fuvu moja, mishono ileile, kana kwamba vichwa vinatoka kiwandani. Kumbe kisogoni wengine wana vimifupa vya ziada vilivyopewa jina la Ole Worm, daktari wa Denmark aliyekufa 1654, kwa hiyo sio habari ya juzi. Wengine wana mfupa mzima wa pembetatu hapohapo, ukaitwa wa Inka, watu wa kale wa Peru, kwa sababu ya mafuvu ya huko, ila hata Afrika upo. Na hao wapelelezi wa kwenye tamthilia wanaosoma mishono wakatangaza "marehemu alikuwa na miaka 34", waongo, kuna wazee mishono iko wazi na vijana imeshaziba.

Wekeni mafuvu kumi mezani, sio moja, wanafunzi wa udaktari wayashike wayalinganishe. Halafu mtihani uwe picha mbili, ufa na mshono, aseme ipi ni ipi. Akikosa, arudie mwaka.