Tiketi ya Kuwatazama Wanafunzi

Ninaishi Columbus, Ohio, mji ambao kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba hauna Jumamosi. Siku yenyewe imo kwenye kalenda, lakini imekwisha kukabidhiwa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Ohio State, na raia mwenye shughuli zake, awe anampeleka mgonjwa hospitali au anafuata unga dukani, hupita barabarani kwa hisani ya mashabiki. Watu wetu wa Afrika Mashariki walioko hapa wamejifunza kutopanga harusi katika miezi hiyo, kwa sababu ukumbi unaweza kupatikana, hata bwana harusi anaweza kupatikana, ila mahali pa kuegesha gari hapapatikani.

Ushabiki siuonei ajabu. Nimelelewa Dar es Salaam, katika nyumba ambayo baba ni Yanga na mama ni Simba, na kuna majumapili tuliyokula wali mkavu kwa sababu ya mabao ya jana yake. Kinachonishinda ni tiketi. Hawa wanaocheza ni wanafunzi, wenye mitihani, na uwanja wao uliofunguliwa mwaka 1922 unachukua watu zaidi ya 102,000, yaani ungeujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 na bado watu 40,000 wangebaki getini wakibishana na askari. Pamoja na ukubwa wote huo, ukiomba nafasi moja tu, tena kwenye benchi lisilo na egemeo, utaelezwa kwa upole kwamba nafasi ni adimu.

Nisingeyajua haya kama shemeji yangu asingekuja kututembelea kutoka Tanga. Alipouona uwanja kutoka barabarani alisema, "Shemeji, nitafutie mzunguko tu, sina makuu." Nilimweleza kwamba huku hakuna mzunguko, yaani zile nafasi za watu wa kawaida, wenye bei inayojulikana na kila mtu. Bei hutegemea mpinzani, hali ya hewa, matokeo ya wiki iliyopita na saa unayofungua simu, hivyo kwamba mtu anaweza kwenda kuchemsha chai na kurudi akakuta benchi lile lile limepanda bei bila kuongezwa hata msumari.

Wenye nafasi nzuri hupita mlango mwingine. Katika vyuo vingi vikubwa vya mpira, anayetaka tiketi za msimu mzima hutakiwa kwanza kukichangia chuo fedha, na mchango huo haununui tiketi, bali hununua ruhusa ya kuinunua. Kwetu mchango wa harusi una utaratibu kama huo, kwamba hukutoa hupati kadi, lakini ukishapewa kadi yako ya watu wawili hakuna anayekusimamisha mlangoni akakudai tena bei ya pilau. Na hadi mwaka 2017 sheria ya kodi ya Marekani ilimruhusu mchangiaji kuondoa asilimia 80 ya fedha hizo katika mapato yake ya kutozwa kodi, kwa hesabu kwamba ametoa sadaka.

Tusiokuwa na sadaka tunabaki na walanguzi. Dar es Salaam mlanguzi ni kijana anayenong'ona karibu na geti huku akiwaangalia polisi kwa jicho la pembeni. Huku ana programu ya simu, ana matangazo ya televisheni, na ana dada wa huduma kwa wateja anayekutakia siku njema. Programu niliyoitumia, ambayo sitaitaja, ilinionyesha bei, ikanipitisha kurasa kadhaa za pongezi, na katika ukurasa wa mwisho ikanifichulia kwamba ndani ya bei hiyo imo ada ya huduma. Huduma yenyewe nimeitafuta sijaiona. Tiketi haikuchapwa, haikuletwa nyumbani, ilihama tu kutoka simu ya mtu nisiyemjua hadi simu yangu.

Shemeji alitaka mechi ya watani wa jadi, nami nikamwomba tusiharibiane undugu. Watani wa Ohio State ni Chuo Kikuu cha Michigan, cha jimbo jirani, na hukutana mwishoni mwa Novemba. Juma la mechi hiyo, mabango ya chuoni huzibwa kila herufi ya M kwa utepe mwekundu, na mgeni anayetafuta jengo lenye jina la herufi hiyo ajitegemee. Wazee wa hapa husimulia kwamba kocha Woody Hayes, aliyeifundisha timu kuanzia 1951 hadi 1978, aliona ni heri kusukuma gari kuliko kununua petroli katika jimbo la Michigan. Mwaka 2024 Michigan walikuja hapa wakashinda kwa pointi 13 kwa 10, mji ukafiwa. Januari iliyofuata Ohio State wakaifunga Notre Dame 34 kwa 23 na kuwa mabingwa wa taifa, lakini jirani yangu, nilipompa hongera, alinijibu kwa sauti ya msibani kwamba ni kweli, ila Novemba haikuwa nzuri.

Basi tukakata tiketi ya mechi ya mapema msimuni, dhidi ya chuo kidogo. Vyuo vikubwa huvialika vidogo na kuvilipa vije kufungwa, na bei za tiketi hizo huwa na huruma kidogo. Mara chache mgeni hula fedha na ushindi pia: tarehe 1 Septemba 2007 Appalachian State walilipwa dola 400,000 kwenda Michigan, wakashinda 34 kwa 32, na ukitaka kupendwa Columbus ianzishe hadithi hiyo popote, hata kwa daktari wa meno.

Mechi ni ya dakika 60, nayo ilituchukua zaidi ya saa tatu, kwa sababu wachezaji hawawezi kuanza mpaka mtu wa televisheni aliyesimama pembeni ya uwanja aridhike kwamba matangazo yamekwisha. Tuliowalipa walanguzi tulikaa juani tukimsubiri anayetazama bure sebuleni amalize kuonyeshwa magari. Kilichomfurahisha shemeji ni bendi ya matarumbeta, ambayo tangu mwaka 1936 huandika neno Ohio uwanjani kwa miili ya wapigaji wake. Mmoja wao, mwenye tarumbeta kubwa la kujizungushia mwilini, hutoka kwa mikogo kwenda kuwa nukta ya herufi i, na watu wazima hulia. Shemeji alisimama akapiga makofi kuliko alivyopiga kwa bao lolote.

Tangu hapo amekuwa mzigo. Akiona mtu mwenye fulana nyekundu kwenye duka la vyakula humpigia kelele za "O-H!" naye mgeni huyo, badala ya kuita ulinzi, humjibu "I-O!" kwa furaha. Ameongeza muda wa kukaa kwetu hadi Desemba, na kila usiku, mke wangu akisikia, huniuliza tiketi za Michigan zimefika ngapi. Jana nilimwonyesha bei kama ilivyo, pamoja na ada ya huduma. Aliitazama kwa makini, akanirudishia simu, akasema, "Basi shemeji, chukua mbili tu, wewe utatusubiri garini."